Namba Nane Chini ya Mtutu

Shamba la Pruett, Kijito cha Antler, Montana
Machi 3, 1979

Shemeji Arlo,

Huku wazima, ila theluji imetuchosha mpaka tumeanza kununiana. Mguu wako vipi? Berdine alinisomea barua yako ya kuanguka ngazini, nikacheka hadi kahawa ikanipalia. Mwanamume mzima unapanda paa la karakana kung'oa barafu! Mwaka ujao liachie jua, hufanya kazi hiyo bure.

Nimekutumia kwa gari la mizigo ile bunduki yangu ndogo. Mtutu umekwisha. Zamani nilikuwa nikimlenga kindi wa shimo napata kichwa, sasa nikimlenga huyu anashtuka mwenzake. Na wamezidi, shemeji. Malisho ya chini wameyatoboa hadi yanatisha kuyapita kwa miguu. Yule farasi jike wa rangi ya majivu aliingiza mguu shimoni Novemba, ukavunjika, ikabidi nimmalize mwenyewe. Kazi ile sitaki kuirudia.

Niwekee mtutu mpya. Swali langu ni moja tu: msokoto. Kitabu cha mitutu ulichonitumia kinasema kumi na nne, kumi na mbili, tisa, nane, nikadhani nanunua viatu. Nichukue upi?

Uandike, usipige simu. Waya wetu bado tunachangia na kina Vannoy, na kengele yetu ikilia mama Vannoy naye ananyanyua. Juzi Berdine alimweleza daktari habari ya bawasiri yangu. Jumapili watu watatu wakanipa pole kanisani.

Shemeji yako asiye na shukrani,
Wendell


Karakana ya Stenerud, Lodd, Wyoming
Machi 12, 1979

Wendell,

Nami nakupa pole, uwe na wanne.

Bunduki imefika. Nimeuchungulia mtutu nikasikitika. Umeupiga risasi hadi koo lake limeungua. Sasa kaa chini unisikilize, maana hili ndilo jambo pekee ninalolijua vizuri.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi iende imenyooka. Namba uliyoiona ni inchi: msokoto wa kumi na nne, risasi inamaliza zunguko moja kila inchi kumi na nne. Wa nane, inamaliza kila inchi nane, yaani inazungushwa kwa kasi zaidi. Risasi fupi nyepesi inatoshwa na kumi na nne. Ile ndefu nzito inataka nane. Ukiitia kwenye kumi na nne itayumba, itafika imelala ubavu, kama itafika.

Watu hudhani wanachagua mtutu. Hapana. Unachagua risasi, na ukishachagua risasi umechagua itafanya nini ikikosa. Ile nyepesi ikigusa udongo inapasuka vipande palepale, ng'ombe aliye nyuma haambulii hata vumbi. Ile nzito haipasuki. Upepo hauiyumbishi sana, inafika mbali, na ikigonga jiwe inaruka na kuendelea na safari zake.

Kwa hiyo kila mteja namuuliza, hata mchungaji nilimuuliza: unapiga nini, kutoka umbali gani, na nyuma yake kuna nini? Kwa kindi wa malishoni, yadi mia mbili, mia mbili na hamsini, jibu ni kumi na nne. Usinisumbue. Naagiza Jumatatu.

Tip hajambo? Mwambie huyo mbwa wako nimeikumbuka soksi yangu, na bado naitaka.

Arlo


Kijito cha Antler
Machi 25, 1979

Shemeji,

Nane.

Nitakuwa napiga kutoka juu ya kilima cha misonobari, kuvuka kijito, hadi tambarare ya ng'ambo. Yadi mia sita, labda na zaidi kidogo. Upepo wa pale unaujua. Risasi nyepesi itapeperuka.

Nataka ile ndefu. Umeuliza nyuma yake kuna nini. Hakuna kitu cha kujali.

Somo la kwanza nililielewa, usinipe la pili. Na habari za umbali usimwandikie Berdine, atasema najitesa bure kwa ajili ya kindi.

Wendell


Lodd
Aprili 1, 1979

Mdogo wangu Berdine,

Natumaini u mzima. Mimi plasta inaniwasha, najikuna kwa waya wa mwavuli, na daktari kaniapia sitaendesha gari kabla ya Juni.

Nakuandikia kwa siri kidogo. Wendell ameniletea barua ya nusu ukurasa isiyo na mzaha hata mmoja. Tangu akuoe sijawahi kupata barua yake isiyo na tusi, na nikitukanwa na Wendell huwa najua mambo yenu ni shwari. Nilimuuliza habari za Tip, akaniruka. Kuna nini huko?

Jingine. Anasema anataka kupiga kindi ng'ambo ya kijito. Siku hizi wako ng'ambo? Mimi ninavyopakumbuka pale ni mwamba mtupu. Tulivunja sululu mbili tukichimbia nguzo za uzio, na Wendell akalaani hadi kwa Kinorwe alichojifunza kwa mama yetu. Kindi hachimbi mwamba. Nilichowahi kukiona ng'ambo ni baraza ya Clete Vannoy na pampu yake ya maji. Labda mambo yamebadilika.

Watu huandika "hofu ni kwako" kwa mazoea ya barua tu. Safari hii naimaanisha.

Kaka yako,
Arlo


Kijito cha Antler
Aprili 9, 1979

Kaka,

Jamani, umeshakuwa kikongwe, unaogopa kila kitu! Pole na kuwashwa.

Tip alikufa Februari. Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza kuandika nalia, na Wendell hataki. Clete Vannoy alitega nyama yenye sumu kando ya uzio, anasema ya mbweha. Tip akapenya chini ya waya. Alirudi mpaka barazani, kaka, akawa anajitahidi kutikisa mkia. Wendell alimshika kichwa hadi mwisho.

Nilijua ataenda kumng'oa Clete meno. Hakwenda. Jumapili iliyofuata, watu wanakunywa kahawa baada ya ibada, Clete mwenyewe akasema kwa sauti, "Mbwa wako angekaa kwako angekuwa hai." Wendell akamtazama, akasema, "Kweli, Clete," akamalizia keki yake. Nilijivunia mume wangu siku ile.

Alimzika juu ya kilima cha misonobari. Kila asubuhi anapanda na chupa ya kahawa na darubini, anakaa kando ya kaburi hadi jua lipande. Nikimuuliza, anasema anahesabu kindi. Nami namwacha aomboleze anavyojua.

Lakini hofu yako iweke chini. Wendell amekuwa mume ambaye sijawahi kuwa naye. Haniinulii sauti. Paa amelimaliza. Kuni amepasua za baridi mbili, zimepangwa hadi dirishani. Amenifundisha kuwasha jenereta, kufungua lango la mfereji, kumtibu ndama aliyevimba tumbo, mambo yote ambayo miaka kumi na tisa aliniambia niyaache. Jana amenionyesha karatasi za shamba ziliko. Nikamwambia, "Kwani wewe unakwenda wapi?" Akacheka, akanibusu utosini.

Hujawahi kuniona na furaha hivi. Basi mtengenezee huo mtutu wake, asiendelee kuusubiri. Gari la posta likipita anatoka nje bila kofia.

Kindi wa ng'ambo mimi sijawaona, lakini mimi huku chini naona nini?

Akupendaye,
Berdine


Lodd
Aprili 21, 1979

Wendell,

Nimeamua kutobishana na mteja. Nane ulitaka, nane umepata. Bunduki inakuja na gari la mizigo Jumatano. Chini ya mtutu, karibu na mbao, utaona nimegonga namba yenyewe usiisahau. Nimekuwekea na boksi la risasi ndefu.

Ujaribu kwenye karatasi kwanza kabla ya kuielekeza kwa kitu chochote. Ukiona lolote haliko sawa, nirudishie. Pengine waliotengeneza mtutu wamekosea, hutokea. Nitarekebisha bila neno, hata ikichukua kiangazi kizima.

Berdine ameniambia habari za Tip. Pole sana, shemeji. Soksi nimemsamehe. Alikuwa mbwa wa maana kuliko watu wengi ninaowajua, akiwemo yule tunayemfikiria mimi na wewe.

Plasta inatolewa mwisho wa Mei. Nikipata miguu miwili nakuja tuvue samaki. Unisubiri, Wendell. Narudia: unisubiri.

Arlo


Kijito cha Antler
Mei 10, 1979

Shemeji Arlo,

Haya, nikupe ripoti ya kazi yako.

Jumamosi nilitundika karatasi. Risasi ndefu tano. Mbili hazikugusa hata ubao. Tatu zimeingia ubavu, zimeacha matundu marefu, umbo la risasi nzima imelala. Nikadhani ni macho yangu. Nikarudia tano nyingine, mambo yaleyale.

Nikakumbuka ile baridi tuliyofungiwa kwako na theluji, ukanifundisha mchezo wa ufito. Chukua ufito wa kusafishia, uvishe kitambaa kibane, tia alama ya chaki, usukume polepole, uone alama inazunguka na umalize zunguko umeingia inchi ngapi. Nilipima mara tatu juu ya boneti ya pikapu.

Kumi na nne.

Fundi kama wewe hakosei inchi sita, mzee. Na mkono wako haugongi namba ya uongo kwa bahati mbaya.

Ulidhani nitakutukana, si ndiyo? Nilikaa chini kwenye tope nikacheka, mara ya kwanza tangu Februari. Umenijua. Ungenikatalia ningekwenda kwa fundi mwingine, na hilo ulilijua pia. Ulitaka nikurudishie, unirudishie, tupelekane hivyo hadi theluji nyingine. Ulinifanyia wema na siusahau.

Ila baadaye nikatia zile risasi nyepesi za zamani. Lahaula! Yadi mia mbili, tano zote nikazifunika kwa kifungo cha shati. Hujawahi kunitengenezea kitu kizuri hivi. Kwa hiyo sirudishi.

Kutoka kilimani nilikuwa naona kofia tu. Kofia nyekundu inakwenda kwenye pampu, kofia nyekundu inarudi. Mtu ungeweza kusahau kwamba chini ya kofia kuna mtu, na nadhani ndicho nilichokitaka. Sasa itabidi nisogee. Kwenye mfereji kuna mierebi, imeshaota majani. Pale hadi pampu ni mia mbili kasoro.

Mtazame sana dada yako. Kuni anazo.

Wendell


Lodd
Mei 14, 1979
KWA HARAKA

Berdine,

Leo asubuhi nilipiga simu ukapokea, nikakuuliza habari za mvua. Ukasema, "Kaka, umepiga simu toka Wyoming kuuliza mvua?" Nilikuwa nimeanza kusema, nikasikia mtu wa tatu anapumua kwenye waya. Nisingeweza kusema nililotaka kusema huku mke wa Clete anasikiliza. Ukaniambia Wendell yuko kilimani, nikamshukuru Mungu nikakata.

Sasa fanya hivi, maswali baadaye. Ukimaliza kusoma nenda kwenye kabati la bunduki. Ile ndogo, nyanyua mkono wa komeo, bana kifyatulio, vuta komeo nyuma. Litatoka lote mkononi mwako. Lizamishe kwenye pipa la unga. Bunduki bila komeo ni fimbo.

Nilinyanyua simu nimpigie mkuu wa polisi wa kaunti, nikairudisha. Nikimsomea barua ya Wendell watakuja kumfunga pingu mbele yako, na hajafanya kitu bado. Ni Wendell, Berdine. Ndiye aliyemuuguza mama usiku na mchana nilipokuwa jeshini. Mimi simtii pingu mtu yule.

Nimepata mtu wa kunileta Jumamosi na plasta yangu. Mpaka nifike, asishuke kilimani. Akikaa juu hawezi kumdhuru mtu, hilo nakuhakikishia mimi. Asishuke tu. Jifanye mgonjwa. Ficha viatu vyake. Choma jiko ikibidi.

Kaka yako,
Arlo


Kijito cha Antler
Mei 17, 1979

Arlo,

Mchungaji amekwisha kukupigia, kwa hiyo habari unayo. Mimi simu siigusi tena. Waya ni mmoja, na mwisho wake wa pili yuko mke wa mtu aliyemuua mume wangu.

Barua yako imefika jana, siku moja baadaye. Niliisoma nimesimama barabarani kwenye sanduku la posta. Bunduki iko kwa mkuu wa polisi, kwa hiyo pipa la unga lina unga tu.

Jumanne alikula mayai, akasuuza sahani yake, akachukua bunduki. Akasema kindi wamesogea. Nilikuwa nakanda mkate, sikugeuka hata kumtazama. Nilisema, "Uvae koti, kuna umande." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyompa mume wangu.

Nilisikia mlio mmoja. Ulikuwa mzito, haukuwa wa bunduki yake. Nilijua kabla sijafika dirishani, na mikono ilikuwa imejaa unga.

Clete amemweleza mkuu wa polisi kila kitu, na mimi nimesimuliwa. Tangu Machi alikuwa anaona kioo kinang'aa kilimani kila asubuhi, na alijua ni kioo gani. Alimwambia mkewe hana la kufanya, kwa sababu bunduki yake ile ya kuwindia kulungu haifiki hata nusu ya njia. Hakwenda polisi kwa sababu ingebidi aseme alichomfanyia mbwa. Akawa anaiegemeza bunduki hiyo kwenye pampu, akivaa kofia yake na kwenda kuteka maji huku anaogopa. Mtu yule alikuwa na hofu, Arlo, na mimi nilidhani ni kiburi.

Jumanne akaona mierebi inatikisika. Anasema Wendell alikuwa karibu hivi kwamba waliangaliana usoni. Anasema Wendell alikuwa ameshamlenga. Akamlenga muda mrefu, halafu akanyanyua kichwa kutoka kwenye darubini ya bunduki, akawa anamtazama tu kwa macho yake, kama mtu aliyesahau kilichomleta. Hakufyatua. Clete hakungoja.

Namwamini. Nisingependa kumwamini lakini namwamini, kwa sababu Wendell ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kumchinja kuku aliyekwisha kumpa jina.

Kwa hiyo ulijua. Nimeisoma barua yako mara nyingi sasa, na kila mara unajua. Aprili nilipokuwa nakuandikia kwa furaha habari za kuni, wewe ulikuwa umekaa Wyoming unaelewa kuni ni za nini. Hukuniambia. Ningemshika, Arlo. Ningelala mlangoni. Sitaki kuliongea hilo leo, nikilianza sitamaliza.

Nataka unijibu lingine, maana limenikosesha usingizi.

Mkuu wa polisi alikuja na bunduki akailaza kwenye meza yangu ya jikoni, akaigeuza. Akanionyesha ile namba chini ya mtutu. Yeye ni mwindaji, mambo haya anayajua. Akasema, "Mama Pruett, huu ni msokoto wa nane. Mtutu huu na risasi nzito unavuka kijito kutoka kilimani, na Clete asingeweza kumjibu. Mumeo alikaa juu miezi miwili na hakuna aliyeweza kumgusa. Kwa nini alishuka?"

Nikasema sijui. Akauliza nani aliutengeneza. Nikasema kaka yangu. Akasema, "Basi muulize yeye."

Mwenyewe nimepanda kule jana, nikakaa kando ya Tip. Kila kitu cha Clete kinaonekana. Na wewe umeniandikia kwa mkono wako, akikaa juu hawezi kumdhuru mtu, wewe unanihakikishia. Ulijuaje?

Maziko ni Jumamosi saa nne. Nitakuwa mlangoni mwa kanisa. Usinikumbatie kwanza. Uniambie. Mtutu umeandikwa nane, Arlo, na uliyeandika ni wewe. Kwa nini alishuka?

Berdine